Viraka vya Bura: Mafunzo Niliyopata Darasani na Kwenye Kambi za Sindano

Bura ilijengwa kwa ajili ya pamba. Mradi wa umwagiliaji ulipowapokea wakulima wake wa kwanza mwaka 1981, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za wafadhili wengine, pamba ndiyo iliyotegemewa kuleta pesa, na mahindi yakawa ya kulisha familia. Maji yalivutwa kwa pampu kutoka mto Tana pale Nanigi. Kufikia miaka ya 1990 pampu zilikuwa hoi, mifereji mingi imekauka, na mathenge, mti ulioletwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, ulikuwa umeyavamia mashamba. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwa waliopewa mashamba hayo. Nilichuma pamba nikiwa mtoto. Leo nashona, na ninawafundisha wanawake wenzangu kushona mifarishi: matandiko ya viraka yenye tabaka tatu, uso wa vipande vilivyoungwa, ujazo katikati na bitana chini, vyote vikishikwa pamoja kwa mishono inayopita tabaka zote.

Kuna Bura mbili, na Tana iko katikati: hii ya mradi, katika kaunti ya Tana River, na ile ya Fafi, katika kaunti ya Garissa. Darasa langu lina wanawake wa pande zote mbili: Wasomali, Waorma, Wapokomo, Wamunyoyaya, na mabinti wa familia zilizoletwa na mradi kama yangu. Na shule zinapofungwa, marafiki zangu wachache nami hukutana Hola, Garissa au Malindi kwa siku kadhaa za kushona tu. Tunaziita kambi za sindano. Darasa na kambi ni vitu viwili tofauti, na nimekuja kuamini kwamba kimoja hakitoshi bila kingine. Haya ndiyo niliyojifunza katika vyote viwili.

1. Anza na kazi ambayo mikono inaijua

Wengi wanaokuja kufundisha ufundi huku kwetu huanza kwa kudhani kwamba wanafunzi hawajui kitu. Mimi siku ya kwanza sigawi sindano. Namwomba kila mmoja alete kitu alichokiunga yeye mwenyewe, au mama yake, au nyanya yake.

Mpokomo huja na mkeka wa mkoma. Majani hukaushwa, huchanwa, husukwa yawe ukili mrefu, kisha ukili huo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka uenee. Msomali huja na kipande cha mkeka wa kufunikia nyumba. Aqal, nyumba ya Wasomali wafugaji, ni fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka na ngozi, na ni kazi na mali ya mwanamke. Yeye ndiye anayeisuka, anayeisimamisha, anayeivunja na kuipakia juu ya ngamia watu wanapohama. Mwanamke aliyejishonea paa lake mwenyewe hana haja ya kuelezwa faida ya kuunga. Nachukua mkeka wake na kuuonyesha darasani: hapa tabaka zinakutana, hapa mshono umepita chini na juu, hapa pindo limekunjwa ili lisifumuke. Somo la kwanza la mfarishi linakuwa limeisha, na mwalimu amekuwa yeye.

Kisha naileta leso. Wengi hushangaa kusikia kwamba leso yenyewe ilizaliwa na viraka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa vya mraba vyenye nakshi, vile vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Kireno, wakaviunga sita sita, safu mbili za vitatu, wakapata nguo moja ya kujifunga. Hizo ziliitwa leso za kushona. Baadaye wafanyabiashara wakaona heri nguo hiyo ichapwe nzima, na ndiyo leso tunayoijua leo, yenye pindo, mji na jina. Pale Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake huandikwa Mali ya Abdulla, limekuwapo tangu 1887. Kwa hiyo mwanafunzi akiniambia kwamba viraka ni dalili ya ufukara, namwomba aitazame leso aliyojifunga kiunoni.

2. Choma uzi, loweka leso

Kabla ya kukata chochote, chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni mwa kitambaa uziwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunukia karatasi iliyoungua, na jivu lake ukiligusa linasambaratika. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Madera mengi yanayouzwa Soko Mugdi mjini Garissa ni ya poliesta. Yanapendeza kuvaliwa, lakini ukiyachanganya na pamba katika mraba mmoja, pasi ya makaa ikipita poliesta inajikunja na mraba mzima unapinda.

Leso mpya ina wanga wa kiwandani na rangi iliyozidi. Iloweke, mwaga maji, iloweke tena mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi zisimamie kwa macho yako mwenyewe.

3. Shibiri ya mtu mmoja iwe ya darasa zima

Hatuna rula za kutosha, nazo si lazima. Wanawake wa hapa wamepima kwa shibiri na dhiraa maisha yao yote. Tatizo ni kwamba shibiri ya binti wa miaka kumi na sita si ya mama yake, na vipande vilivyopimwa kwa mikono tofauti havikutani kwenye kona. Kwa hiyo tunakata kigezo kimoja cha katoni, inchi tano kwa inchi tano, tunakinakili kwa kila mtu, na cha asili kinabaki kwangu. Kigezo kikichakaa pembe, hakitumiki tena.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu nalipenda sana somo hili. Kipande cha inchi tano kikishaungwa pande zote, kila upande ukila robo inchi, kinabaki inchi nne na nusu. Vipande tisa, vitatu kwa vitatu, vinatoa mraba wa inchi kumi na tatu na nusu. Panga miraba minne kwa upana na mitano kwa urefu, unapata mfarishi wa inchi 54 kwa 67 na nusu, unaomtosha mtu mzima mmoja. Hiyo ni miraba 20, yaani vipande 180. Sasa chukua leso ya sentimita 150 kwa 110: inatoa safu nane za vipande kumi na moja, jumla 88. Jozi moja ya leso ni vipande 176. Vimepungua vinne! Hivyo vinne ndivyo kila mwanafunzi anavyoviomba kwa jirani yake darasani, na ndivyo atakavyowaonyesha watu miaka mingi baadaye.

Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, ambaye sote tunamwita ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, hakuwahi kukaa shuleni. Hesabu ya 88 aliipata kwa kupanga vijiwe safu nane mchangani, akamaliza kabla wenzake hawajafungua daftari. Mtu aliyehesabu mbuzi jioni tangu utotoni anajua kuzidisha. Kinachobaki ni kumwonyesha kwamba anajua.

4. Mfarishi wa Bura usiwe mzito

Swali ninaloulizwa kuliko yote: blanketi la nini mahali ambapo joto hupita nyuzi 35? Jibu ni kwamba mfarishi wetu ni wa kutandika kuliko kujifunika. Unatandazwa juu ya mkeka mtu alale bila kuchomwa na mshono wa ukili. Unalaliwa na mtoto mchanga, unafanywa msala, unakaliwa na wageni. Mwezi wa Julai, upepo wa alfajiri ukivuma kutoka mtoni, ndipo unavutwa juu ya mabega.

Kwa hiyo ujazo wetu ni leso kuukuu au shuka lililochakaa, tabaka moja au mbili. Sifundishi kutumia zile pamba bandia nene za dukani. Zinashika jasho, zinafanya sindano iwe ngumu, na zinakunywa maji mengi wakati wa kufua. Mahali ambapo mtungi wa maji unabebwa kwa punda, uzito wa nguo ikiwa majini ni jambo la kulifikiria kabla hujaanza kushona. Mfarishi mwepesi ukianikwa asubuhi adhuhuri umekauka.

5. Fundisha kitu kinachobebeka

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosa kunyesha misimu mitano mfululizo katika kaskazini mashariki yote na hapa Tana. Mifugo ilikufa. Familia zilihama kufuata malisho na maji, na darasa lilipungua wiki baada ya wiki. Wanawake hawakuwa wameacha kupenda kushona. Cherehani haipandi mgongoni mwa ngamia, basi.

Wakati huo ndipo nilipoupanga upya mtaala wangu wote kwa kipimo kimoja: kila somo liwe na kitu ambacho mwanamke anaweza kukiweka kwenye kifuko akaondoka nacho. Mraba mmoja wa vipande tisa, kigezo, sindano mbili, uzi, na kipande cha sabuni kavu. Sabuni ina kazi tatu. Inachora mstari kama chaki ya fundi, inafanya sindano iteleze, na sindano ikichomekwa ndani yake haipati kutu ya jasho. Wengine walirudi baada ya miezi mingi na miraba kumi, kumi na tano, iliyoshonwa chini ya miti niliyoijua kwa majina tu. Kwa kuwa kigezo kilikuwa kimoja, miraba yote ilikutana.

Halafu mvua zikaja zote kwa pamoja. Novemba 2023, kwa El Niño, Tana ilifurika, barabara ya kwenda Garissa ikakatika pale Kona Punda, magari yakasimama na watu wakawa wanavushwa kwa boti. Kambi tuliyoipanga Garissa haikufanyika. Kila mmoja alishona kwake, tukatumiana picha kwa simu usiku, na miraba ikaunganishwa maji yalipopungua. Mashine ni nzuri na ninaifundisha, ila sasa inakuja mwisho, wakati mkono umeshajitegemea.

6. Kuna dada zetu ng'ambo ya bahari wanaoshona kama tunavyohitaji sisi

Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasidi, watu ambao wazee wao walivushwa bahari kutoka upande huu wa Afrika, wengi kama watumwa, wengine kama mabaharia na askari. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Nilipojifunza jinsi unavyotengenezwa, nilijua papo hapo kwamba nitaufundisha Bura.

Mifarishi mingi ya Ulaya na Marekani hushonwa kwa hatua tatu: unaunga uso, unapanga tabaka, kisha unazishona pamoja. Inahitaji meza, pasi, na mashine inasaidia. Kawandi haihitaji hata kimoja. Unatandaza bitana chini, mara nyingi sari kuukuu, na juu yake ujazo. Unaanzia ukingoni, kwenye kona. Unachukua kiraka, unakunja kingo zake kwa vidole, unakiweka, na unakishona kwa bandi ndogondogo zinazopita tabaka zote. Kiraka cha pili kinalalia kidogo cha kwanza. Unazunguka hivyo ukingo mzima, mstari baada ya mstari, ukienda ndani, mpaka unafika katikati na kiraka cha mwisho kinafunga kazi. Kuunga na kushikiza ni tendo moja. Kwenye kona nne hubandikwa vipembe vya kitambaa vilivyokunjwa, viitwavyo phula, na bila hivyo Wasidi huuona mfarishi kama uko uchi.

Kwa mwanamke anayekaa chini juu ya mkeka, asiye na meza wala umeme, hiyo ndiyo njia. Waliosuka mikeka waliishika kwa siku moja. Mmoja wao, baada ya kufika katikati, aliniuliza kama wanawake wale bado wanajua kusuka ukili. Sikuwa na jibu la kumpa, lakini swali lake lilifanya darasa zima linyamaze. Mwaka 2004 wanawake wa Kisidi walianzisha ushirika wao wa kushona, wakisaidiwa na mtafiti wa sanaa za Afrika, Henry John Drewal, na kazi zao zimeonyeshwa Marekani. Hilo pia huwaeleza wanafunzi wangu, maana si vyema mtu aone ufundi wake unaheshimiwa kwingine tu.

Ukitaka kujaribu kawandi, uzi uwe imara na usiwe mrefu kupita mkono wako. Mishono isimame kama punje za mchele, karibu karibu. Na usikate viraka vyote mapema. Kata kimoja baada ya kukishona kilichotangulia, ili kitambaa kikuonyeshe kinachofuata.

7. Kambi si anasa

Darasani mwanamke hushona akiwa na sikio moja nyumbani. Uji umewekwa motoni, mtoto yuko mgongoni, mbuzi wa jirani wameingia uani. Anajifunza mshono, lakini hapati saa tatu mfululizo za kuufanya mpaka uwe wake. Kambi inampa saa hizo. Nimemwona mwenzetu aliyesumbuka na kona kwa msimu mzima wa darasa akazipata alasiri moja huko Hola, kwa kukaa tu ubavuni mwa rafiki yake na kutazama kidole gumba kinavyokandamiza mkunjo. Kona hazielezeki vizuri kwa mdomo.

Mambo ya kupanga ni haya. Fedha tunachangishana kidogo kidogo kupitia chama, kwa M-Pesa, miezi mingi kabla. Tunaepuka Ramadhani, tunaepuka wakati wa kuvuna. Na tunamlipa mpishi. Hili nalisisitiza kwa kila kikundi kinachoniuliza. Wanawake kumi wakikusanyika bila mpishi, hawajapiga kambi ya kushona. Wamehamisha jikoni tu. Mpishi alipwe vizuri, na akitaka kushona saa za mapumziko, apewe sindano. Mpishi wetu wa kambi iliyopita ana mfarishi wake sasa.

Suala la ruhusa linahitaji maneno zaidi. Kwa wenzangu wengi Waislamu, kusafiri na kulala mbali bila maharimu ni jambo zito la dini. Kwa wenzangu Wakristo nako, mume ana neno lake na mama mkwe ana lake. Nimewasikia watu wa mijini wakilibeza jambo hili, wakisema mwanamke ajiondokee tu. Sikubaliani nao. Mwanamke anayeondoka kwa ugomvi hashoni. Anakaa akiitazama simu. Na akirudi, mlango wa kambi ijayo umefungwa, kwake na kwa binti zake.

Kwa hiyo tunafanya hivi. Kambi inawekwa nyumbani kwa mmoja wetu, hatuendi hotelini. Mwenye nyumba mwenyewe anapiga simu kwa mume wa kila mgeni, au kwa mama yake, anajitambulisha na kueleza watalala wapi na watarudi lini. Anayekuja na kaka yake au kijana wake mkubwa anakaribishwa, na wanaume wana mahali pao. Asiyeweza kulala huja baada ya alfajiri na kuondoka kabla ya magharibi, na kazi za usiku zinapangwa zisimpite. Na kila anayerudi nyumbani anarudi na kitu cha nyumba ile: foronya, au kitandiko cha mtoto. Waume waliokuwa wakisitasita sasa ndio wanaouliza kambi nyingine ni lini. Mmoja alimnunulia mkewe mkasi mzuri kutoka Garissa bila kuombwa.

8. Tazama, usiguse

Tuna sheria moja kambini: hakuna anayefumua mshono wa mwenzake bila kuombwa. Anayetaka msaada anaiweka kazi yake mapajani mwa anayemtaka. Tangu tuanze sheria hii, waoga ndio wamekuwa wabunifu zaidi.

Huwaonyesha wenzangu picha za mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani kilichozungukwa na mto pande tatu. Wanawake wake, vitukuu vya watumwa wa shamba la pamba, walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, magoti ya suruali na mifuko ya mashati, mistari ikienda mkono ulikotaka. Mwaka 1962 kivuko chao kilisitishwa, wakati watu weusi walipoanza kudai haki ya kupiga kura, na hakikurudi hadi 2006. Mwaka huohuo wa 2006 mifarishi yao ilichapwa kwenye stempu za posta za Marekani, baada ya kuonyeshwa kwenye makumbusho ya Houston na New York kuanzia 2002. Mto, pamba, barabara inayokatika: wanawake wa Bura hawahitaji mkalimani wa habari hiyo. Picha zile zimewapa wengi moyo wa kuacha mstari upinde pale unapotaka.

Rafiki yetu wa Malindi naye huleta kofia za vito anazozishona, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambazo moja tu huweza kumchukua mwanamke wa pwani miezi mizima. Kutazama mishono yake kumetufundisha subira ya mkono. Na usiku, chini ya taa ya sola, tunashona vitambaa vyeupe na vya manjano tu. Nyeusi kwa nyeusi ingojee jua.

9. Uza kidogo, baki na kikubwa

Hapa nasema wazi, kwa sababu nimeona wanawake wakiumia. Mfarishi mzima ulioshonwa kwa mkono hauwezi kushindana sokoni na blanketi la kiwandani lililotoka China. Mnunuzi ataona bei mbili na kuondoka na la chini. Ukimfundisha mwanamke akaweka matumaini ya karo ya mwanawe kwenye mfarishi mkubwa, umemdanganya.

Kinachouzika ni kidogo: pochi, foronya, kitambaa cha kushikia sufuria, begi la vitabu, mbeleko ya mtoto. Huko Zanzibar, ndani ya Mji Mkongwe, wanawake wa Sasik wamejipatia jina kwa foronya na matandiko ya vitambaa vilivyobandikwa na kushonwa kwa nakshi za Kiswahili na Kiarabu, na wageni huvinunua kwa sababu haviigiki na kiwanda. Huo ndio mwelekeo. Mfarishi mkubwa tunauweka kwa harusi, kwa uzazi, kwa wazazi wetu. Mwanafunzi wangu mmoja alimshonea bintiye aliyeolewa Ijara mfarishi wa leso za bibi zake wote wawili. Watu walitaka kuununua palepale harusini. Alikataa, na nilimpongeza mbele ya darasa.

10. Vipande havitupwi

Mafundi wa cherehani wa Garissa, Hola na Bura hufagia mabaki ya vitambaa kila jioni na kuyachoma. Vipande vya upana wa kiganja vinatutosha. Kamba nyembamba za vidole viwili zinatutosha kwa kawandi. Kuna fundi mmoja anayetuwekea gunia kona ya duka lake, na kwa magunia yake darasa zima limeshona bila kununua kitambaa cha uso hata kimoja.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mafundi wote wa ukanda huu: tengeni pamba na poliesta, mzitie katika mifuko miwili, na mtuarifu. Tutakuja kuchukua wenyewe. Na kwa wanaosimamia vyuo vya ufundi vya kaunti hizi mbili, Garissa na Tana River: wekeni mfarishi kwenye mafunzo ya ushonaji, wapeni wanawake wasuka mikeka nafasi ya kuwa walimu, na katika bajeti yenu ya mafunzo tengeni siku chache za kambi kila mwaka, pamoja na mshahara wa mpishi.